Unga wa Kikuku cha Bibi

Jumatatu, 7 Julai 1986
Nimeapa: humu nitasema yote, hata ya aibu. Mwalimu Mueni, wa kemia, amenipa nafasi ya shule yetu kwenye kongamano la sayansi Mombasa. Nitaonyesha kwamba kichocheo cha metali kikiwa chembe ndogo zaidi, hufanya kazi haraka zaidi. Metali yangu ni fedha. Bibi kavua kikuku kimoja mguuni, akanipa. Cha pili, asema, ni cha harusi yangu.

“Watu huvaa fedha, mjukuu wangu. Wewe waisaga kama pilipili manga.”

Jumatano, 9 Julai
Nimepiga tupa hadi vidole vinawaka. Chembe kubwa zimebaki juu ya leso. Zilizopita nikazichekecha tena kwa mtandio — unga laini kama wanja! Nimeziosha zote. Zile kubwa zimekauka juani.

Alhamisi, 10 Julai
Mvua tangu alfajiri. Unga laini bado majimaji. Nimeukausha kwa kikaango, jiko likiwa jekundu. Bibi akauliza kama hicho ndicho chakula cha mchana.

Ijumaa, 11 Julai
Sina hamu ya kuandika. Maabarani: neli mbili, uzito sawa wa fedha, haidrojeni peroksaidi sawa. Chembe kubwa zikatoa povu mara moja. Unga laini — kiputo hapa, kiputo pale. Nikarudia. Vilevile.

Kadii, mwenzangu wa dawati, alitania kwamba unga wangu umefunga Ramadhani ya peke yake. Aliponiona nalia akaanza kuniosha neli. Mwalimu mkuu asema nisipopata matokeo, nafasi atapewa Amin wa darasa letu, na mradi wake wa sabuni. Na Mwalimu Mueni yuko kwao mumewe, Rabai, msibani.

Jumamosi, 12 Julai
Nimeutazama unga kwa kioo cha kukuzia. Si unga tena. Vidonge vidogo, vimegandana. Au vilikuwa hivyo tangu mwanzo? Sikutazama kabla ya kukausha!

Kikuku kizima, bure. Bora Bibi angenigombeza. Amekuja na kile cha pili, akakiweka kando ya tupa.

“Mguu mmoja ushazoea kuwa mtupu,” akasema. “Huu nao utazoea.”

Sijakigusa. Siwezi.

Kesho Kadii aenda Rabai kwa shangaziye, arudi jioni. Nimempa karatasi ampe Mwalimu, asiondoke bila jibu. Nimeandika swali moja tu: Mwalimu, chembe ndogo za fedha zikipashwa moto, hushikana zikawa kubwa tena — au wazo langu ndilo bovu?