Diski Uliyoniuzia, Khaemba

Tuwan, Kitale

Kwako ndugu yangu mkubwa Khaemba,

Nakusalimu. Nimeandika neno hilo nikalitazama kwa muda, nikataka kulifuta, lakini Mama alitulea tukijua kwamba hata mtu uliyekasirika naye humwanzii maneno kabla ya salamu. Je, u mzima? Linet na watoto hawajambo? Mahindi ya huko Mabanga yameshika vizuri baada ya ile mvua ya mawe? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Sikupenda. Simu zangu unakata, na WhatsApp uliniblock tangu ile Jumapili ya kule nyumbani. Karatasi haina mahali pa kubonyeza ili ninyamaze. Kwa hivyo kaa usome mpaka mwisho, na ukiamua kuirarua katikati, ujue kuna watu wengine wanaojua kilichoandikwa huku chini.

Nitaanzia mwanzo, maana wewe umezoea kuwasimulia watu habari hii kuanzia pale inapokupendeza.

Unalijua banda langu la gemu. Si jengo la kujivunia: mabati, mabenchi, runinga na ile mashine ya gemu. Lakini jioni lilikuwa linajaa, vijana wa pikipiki na wa gereji na wale wa kuuza mitumba, na mimi na mfanyakazi wangu Kiplangat tulikuwa tunalisimamia kwa zamu. Kiplangat ni mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watoto, na tangu nilipofungua hakuwahi kuchelewa kufungua mlango. Shida yetu ilikuwa moja. Mashine ilikuwa imejaa. Kila vijana walipotaka gemu mpya tulilazimika kufuta ya zamani, na kesho yake wengine wanakuja wakiitaka ileile tuliyofuta.

Ndipo nikakupigia wewe, kwa sababu una duka la simu na vifaa vya stima hapo Bungoma, na kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kukupigia. Nilikuambia nataka diski ya nje ya kuchomeka kwa mashine ya gemu, iwe ya ule mchomeko wa kasi, iwe ya jina linalojulikana, na isipungue wala kuzidi ukubwa ambao mashine inakubali. Nilikuambia hata terabaiti moja inanitosha, bora iwe ya kweli. Ulicheka, Khaemba. Ulisema niachane na kusomasoma, kwamba wewe ndiye uko kwa hiyo biashara, na kwamba utaniletea ya terabaiti nne kwa sababu mimi ni damu yako.

Uliileta mwenyewe. Ilikuwa inang'aa, nzito mkononi, imeandikwa terabaiti nne kwa maandishi ya dhahabu. Kiplangat aliipima kiganjani akasema hii ni kitu. Tuliichomeka, mashine ikaitambua, ikaitayarisha, ikaonyesha nafasi kubwa kama shamba la mzungu. Nilikupigia kukushukuru. Nataka ukumbuke hilo. Nilikushukuru.

Mwanzoni tulihamishia gemu chache, zikacheza bila shida. Tukaendelea kuongeza. Halafu siku moja gemu ya mpira ikakataa kufunguka, mashine ikaandika kwamba data imeharibika. Kesho yake ikawa ya magari. Nikakupigia, ukasema nibadilishe kebo. Nikabadilisha kebo. Ukasema labda tumeipitisha kwenye kigawanyaji cha matundu, ile hub, nikakuambia hatujawahi kuwa na kigawanyaji, imechomekwa moja kwa moja. Ukasema nitumie tundu lingine. Nikatumia tundu lingine. Ukasema stima ya Tuwan ndiyo mbaya, inaruka, na kwamba tunachomoa diski mashine ikiwa bado inafanya kazi. Nikaweka kifaa cha kulinda stima, nikamkataza kila mtu kugusa ile waya, nikawa naizima mashine kabisa kabla ya kuchomoa. Ukasema nifute kila kitu nianze upya. Nikafuta.

Na hapa ndipo nilipotakiwa kufungua macho, maana baada ya kufuta ilifanya kazi tena vizuri. Gemu za kwanza zilicheza. Tukaongeza, tukaongeza, ikafika palepale na kufa tena. Nilipokueleza hivyo, ukaniambia: "Nasimiyu, wewe na mashine hamwezani. Hiyo kitu ni nzima. Ni wewe."

Sasa nije kwa ile Jumamosi ya mashindano.

Wewe ulijua tumetangaza mashindano ya mpira mtaa mzima. Vijana walikuja hata kutoka Kachibora. Banda lilijaa, wengine wakasimama nje wakichungulia dirishani, na walikuwa tayari wamelipa kiingilio. Mechi za kwanza zilienda. Kisha mashine ikaandika tena kwamba data imeharibika, na tulipoizima na kuiwasha, haikuiona diski kabisa. Vijana wakaanza kupiga mabati. Nikakupigia, na kwa sababu ya kelele nikaiweka simu kwa sauti kubwa. Hilo ni kosa langu na nimelibeba.

Niliuliza nifanye nini. Hukuniambia la kufanya. Ulisema, na banda zima likasikia: "Si uulize huyo Kiplangat ameuza diski yangu wapi? Mimi nilikuletea orijino. Huyo amekubadilishia akakuwekea feki." Kisha ukaongeza neno la matusi juu ya kabila lake, neno ambalo sitaliandika kwa mkono wangu.

Hukuwa hapo kuona neno lako likifanya kazi. Acha nikueleze. Kiplangat alikuwa ameshika padi mbili za kuchezea, anajaribu kuwatuliza. Alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Alikuwa anangoja niseme kitu. Na mimi, Khaemba, nilichelewa, kwa sababu sauti ilikuwa yako na nilifikiri huwezi kudanganya kuhusu jambo kama hilo. Kimya changu kikatosha. Walimvuta nje wakamrarua shati. Mtu akachukua mguu wa benchi. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikaniisha, na kama si mzee wa mtaa na akina mama wa sokoni walioingia katikati, leo ningekuwa nakuandikia habari ya maziko. Walimvunja mkono wa kulia. Mkewe alikuja kumchukua hospitalini, wakarudi kwao Kachibora na vitanda vyao na kuku wao.

Nilikutumia ujumbe kukueleza. Ulijibu kwamba mwizi ni mwizi.

Halafu ikaja ile Jumapili ya shukrani nyumbani Mabanga. Nilifikiri utanivuta pembeni uniulize ninaendeleaje. Wewe ulisimama baada ya maombi, sahani za watu zikiwa bado mapajani, ukawaambia wajomba na shangazi kwamba nilikuwa nafuga mwizi, kwamba sina kichwa cha biashara, na kwamba afadhali mashine na runinga ziletwe kwako Bungoma na mimi nirudi nyumbani nimsaidie Mama kupalilia. Watu wakacheka. Mama hakucheka, lakini aliangalia chini, na nikaona kwamba amekuamini. Niliporudisha maneno ukaniambia mbele ya wote kwamba mwanamke aliyeachika asipaze sauti. Mimi nilitoka hapo bila kuaga, na ukawaambia ndiyo hivyo, hasira ya mwenye makosa.

Sasa soma polepole.

Niliporudi Tuwan sikuitupa ile diski. Nilienda nayo kwenye saiba karibu na soko, nikakodi kompyuta, nikaanza kuijaza mafaili kidogo kidogo, na kila baada ya kujaza ninayafungua tena yale niliyoweka. Ya kwanza yalifunguka. Yaliyofuata yakafunguka. Nilipofika mahali fulani, mbali sana na hizo terabaiti nne, mapya yakawa yanaonekana majina tu, ndani hamna kitu. Nikarudia, ikawa vilevile. Kumbe haikuwa imeharibika. Ilikuwa ndogo, na ilifundishwa kusema kwamba ni kubwa.

Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kikadi cha kumbukumbu kama vile vya simu, kimegandishwa kwa gundi, na pembeni vipande vya chuma vya kuongeza uzito. Kile kitu Kiplangat alichosifu kiganjani mwake kilikuwa chuma chakavu.

Hata hapo, ndugu yangu, nilikutafutia njia. Nilijiambia labda Kiplangat kweli alibadilisha. Labda na wewe ulidanganywa na waliokuuzia. Nilitaka iwe hivyo. Ndiyo maana nikamwomba Peris, yule rafiki yangu wa kwaya ambaye hujawahi kumwona, aende dukani kwako. Unamkumbuka? Mama mrefu mwenye kitambaa cha kijani, alitaka diski ya gemu ya watoto wake. Ulimtolea ileile, maandishi yaleyale ya dhahabu, kutoka kwenye katoni iliyojaa nyingine. Aliiacha na karatasi yake ya plastiki mpaka alipofika nyumbani kwa Mama, na huko, mbele ya Mama na mchungaji, tukaifungua kwa mara ya kwanza. Kikadi kilekile. Gundi ileile. Chuma kilekile.

Lakini hilo bado si la kunifanya nichukue kalamu. Ningeweza kusema ulidanganywa kwa katoni nzima. Kilichonifanya nichukue kalamu ni mazungumzo yako na Peris.

Alikuuliza kama ni orijino. Ulimwambia hata dada yako wa Kitale anatumia hiyohiyo kwa biashara yake na hajawahi kulalamika. Akakuuliza kama haitamsumbua. Ukainama juu ya kaunta, ukapunguza sauti kama mtu anayetoa siri ya rafiki, ukamwambia: "Mama, wewe usiijaze sana. Ukiweka kidogo kidogo itakaa. Ukiijaza ndio inaanza madharau."

Usiijaze sana. Ulijua, Khaemba. Uliponiambia nibadilishe kebo, ulijua. Uliponiambia ni stima ya Tuwan, ulijua. Na ile Jumamosi, uliposikia makelele ya vijana kwa simu na ukachagua jina la kuwarushia, ulijua kwamba unawarushia mtu ambaye hajachukua kitu. Peris alipomaliza kusimulia, Mama alimwomba arudie. Alirudia. Mama akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu, na hatukusikia akipika.

Sitaandika habari ya pesa yangu. Kaa nayo. Mashindano nitayafanya tena, nimeshapata diski nyingine, terabaiti moja tu, na inajaa bila kulia.

Nilikwenda Kachibora. Baba yake Kiplangat hakunikaribisha nikae, na hakukosea. Nilisema niliyokuja kusema nikiwa nimesimama uani: kwamba mwanawe hakuiba, kwamba aliyetuuzia uongo ni ndugu yangu, na kwamba mimi nilinyamaza wakati ambapo neno langu moja lingemwokoa. Kiplangat alinisikiliza mkono ukiwa bado kwenye plasta. Aliniambia kwamba mimi amenisamehe, lakini hawezi kurudi Tuwan kutembea kati ya watu ambao bado wanamwita mwizi. Yule aliyelisema lile neno ndiye atakayelifuta, alisema, kwa mdomo wake, mchana, watu wakisikia.

Nilimpelekea Mama maneno hayo. Akaniambia nikae niandike, na nisipunguze chochote. Kwa hivyo kila ulichosoma humu nimemsomea yeye kwanza. Na kama unajiuliza kwa nini amekuja dukani bila kupiga simu, akakupa bahasha, akakaa kwenye kile kiti cha wateja bila kukubali hata soda, basi sasa umejua. Amevaa nguo ya kanisani. Kutoka kwako anaenda Kachibora. Amesema huko atapiga magoti mbele ya baba yake Kiplangat aombe radhi kwa ajili ya mtoto wake, na kwamba hatamwambia mtoto mwenyewe amfuate, kwa sababu mtu mzima haitwi kwenye jambo kama hilo. Ukifunga duka uende naye, sawa. Usipofunga, ataondoka peke yake na miguu yake hiyo unayoijua inavyovimba, na mimi nitampokea stendi ya Kitale.

Nisalimie Linet, hana hatia yoyote humu. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Wewe sikuombei mabaya. Mema nayo bado nashindwa kuyaomba.

Inua macho sasa. Mama anakungoja.

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu