Ile Sentensi ya Degedege

Jumanne. Mawingu yametanda toka asubuhi, mvua hainyeshi, na mimi nina hasira na nafsi yangu.

Nasomesha baiolojia, na nikipata wasaa nahariri makala za afya kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika. Mimi si daktari, kwa hivyo nakwenda kwa tahadhari. Wiki iliyopita mtu asiyejitambulisha aliongeza sentensi kwenye makala ya degedege: mtoto akishikwa nalo asipigwe sindano, itamuua. Maneno hayo hapa Unguja tumeyasikia toka utotoni. Nilijua si kweli. Lakini adabu yetu wahariri ni kutofuta kazi ya mwenzio kabla ya kujadiliana, basi nikabandika alama ya "chanzo kinahitajika", nikamwandikia kwa upole, nikasubiri.

Hakujibu. Nami nikazama kwenye kusahihisha mitihani.

Leo mchana jirani yangu hapa mtaani Malindi, Mwanaidi, kaja mbio kuniita. Mwanawe Nasra anachemka homa, kakakamaa, macho yamegeuka juu. Tukamlaza ubavu mpaka degedege likamwacha, nikasema twende hospitali sasa hivi. Mwanaidi akakataa. Atamfukiza kwanza, hospitali watampiga sindano. Nikamwambia huo ni uzushi mtupu. Akanipa simu yake nisome.

"Si humu munamoandika nyinyi wenyewe?"

Sentensi ile ile. Alama yangu ipo, kijialama mwisho wa mstari, wala hakuiona. Nani angeiona, na mtoto anatetemeka mapajani?

"Nisamehe, Mwanaidi. Ni uongo, niliuona nikauacha."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Kisha akamfunga mtoto kanga, tukatoka.

Sentensi ile nimeifuta nikiwa kwenye benchi la hospitali, bila ya kumuuliza mtu. Mahali pake nimeandika, kwa chanzo cha uhakika, mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali upesi. Mhariri mwenzangu keshalalamika kuwa sikujadili kwanza. Na alalamike.

Magharibi Nasra kaamka, kaomba uji. Mwanaidi kacheka huku analia. Mimi nimelia kumshinda yeye, wallahi.

Lakini sentensi ile ilikaa kule siku zote hizo, mbele ya macho ya kila mtu. Mama aliyeisoma kijijini Matemwe au Kendwa hakuwa na mimi mlangoni kwake wa kumwambia ni uongo.

Ni nani huyo, na mwanawe yuko wapi?