Makinda Mawili ya Kasuku

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila goti linajifanya zee kuliko mwenyewe. Kasuku wangu wametotoa makinda mawili, mama yao kawasusa. Nawalisha mimi, uji kwa bomba la sindano, kila baada ya saa tatu kamili. Miaka thelathini nimegonga kengele ya shule bila kuchelewa dakika. Sitashindwa na viumbe visivyo na manyoya. Wewe unayetibu wanyama wa watu, nipe neno. Tangu uhame, nimechoka kusikia sauti yangu peke yake humu ndani.
Baba yako

5 Machi

Shikamoo baba,
Sisi wazima, pole na goti. Uji uwe vuguvugu, uonje kwanza kwa ngozi ya mkono. Halafu saa isikutawale. Kabla ya kulisha, gusa kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa bado kimejaa, usimpe kitu. Niambie wote wawili wanaendeleaje.
Binti yako

16 Machi

Mwanangu,
Salamu nyingi. Huku mvua imeanza, goti limetulia. Kinda hajambo, ameanza kuota manyoya ya kijani.
Baba yako

17 Machi

Shikamoo baba,
Nashukuru goti limetulia. Umeandika kinda. Mwenzake yuko wapi?
Binti yako

21 Machi

Mwanangu,
Barua yako ya kwanza niliisoma, nikasema huyu kashakuwa mjuaji. Saa ilipofika nikampa yule mkubwa uji juu ya uji. Asubuhi nikamkuta amekufa, kifuko kigumu kama mpira. Niliona aibu kukuambia. Leo cha mdogo nacho hakishuki. Nifanyeje? Hii naituma kwa simu alfajiri hii, nijibu upesi.
Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo,
Pole sana. Sikulaumu. Usimlishe. Mweke penye joto, ukae naye. Kisiposhuka hadi kesho asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akilia, mwache alie.
Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Siku ile alilia mchana kutwa, nami nimekalia mikono yangu isije ikashika bomba. Niliogopa kwamba wa kwanza nilimuua kwa kumpa, na huyu namuua kwa kumnyima. Jioni kifuko kikashuka.

Jana nilimpelekea uji, akageuza kichwa, akaenda sahanini kumenya mbegu mwenyewe. Nikajaribu tena, akaning'ata kidole. Nimemwita jirani aje aone ninavyokataliwa. Sijawahi kukataliwa nikafurahi hivi.
Baba yako