Raba ya Trela ya Mahari

Port Victoria, 5 Agosti 2025

Mercyline nyathina,

Habari za Migosi huko Kisumu, mwanangu, na kifua cha mtoto kinaendeleaje? Sisi wazima, ila moyo wangu hauko sawa. Jana mtamba wa jirani yetu Opondo aliteleza ndani ya trela yangu, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe barabarani. Nilikuwa nimetandika mikeka ya mafunjo juu ya chuma kama kawaida. Mkojo ukailowesha, ikawa utelezi mtupu.

Na mwisho wa mwezi tunapeleka ng'ombe wa mahari ya kaka yako Calvince kwa kina Nekoye, mchumba wake. Wazee wa kule unawajua: ng'ombe asiyeshuka kwa miguu yake anarudishwa, na harusi inangoja. Afadhali nitafute mtu mwingine awabebe.

Baba yako

Kisumu, 8 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Mtoto amepata nafuu, sasa anasumbua tu. Pole kwa mtamba, lakini kazi ya mwanao usimpe mtu.

Nimezunguka soko zima la Kibuye nikikutafutia raba ya kutandika kwenye trela. Raba nyembamba nimeikataa, kwato zitaichana mara moja. Nimechukua ile nene, yenye nyuzi ndani na mistari upande mmoja. Inakuja na gari la samaki. Usiibandike kwa gundi. Maji yatajificha chini na chuma kitaliwa na kutu. Ifunge kwa bolti, uwe unaifungua ukiosha.

Binti yako

Port Victoria, 19 Agosti 2025

Nyathina,

Mko salama? Raba imefika, nzito ajabu. Nimeifunga, upande laini juu. Siku za kubeba samaki ile mistari ingejaa magamba, na mimi si mtu wa kuchokora magamba kila jioni. Mama yako alisema nikuulize kwanza. Nikakataa. Nakutumia ujumbe huu kwa simu, na picha hiyo hapo.

Baba yako

Kisumu, 19 Agosti 2025

Baba,

Leo salamu ni fupi, nisamehe. Samaki hawasimami, Baba. Ng'ombe wanasimama. Igeuze, mistari iwe juu. Kama huniamini, mwaga maji upite mwenyewe.

Binti yako

Port Victoria, 31 Agosti 2025

Mercyline nyathina,

Hamjambo wote? Nilinyamaza kwa sababu nilimwaga maji, nikapita, nikaanguka chali. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nikaigeuza siku hiyo hiyo.

Jana tulifika kwa kina Nekoye. Kufungua trela, naona ng'ombe wote wako chini. Nikasema basi, nimemharibia mwanangu. Wazee wamesimama nyuma yangu, wanachungulia.

Kisha nikasikia ng'ombe wanacheua. Walikuwa wamelala tu, kama wako zizini, na barabara yote ile mbovu! Wakaamka mmoja mmoja, wakashuka wenyewe. Wa mwisho hata hakutaka kutoka.

Babu yake Nekoye akawapapasa miguu wote, akaniangalia, akasema, "Haya, mwiteni bibi harusi."

Nililia, Mercyline. Calvince anafikiri lilikuwa vumbi.

Baba yako