Steringi Hafi Kayathar

Nyumba ya nyuma ya kinu cha mafuta,
Kayathar,
Tirunelveli.
9 Machi 1958

Mpendwa Mjomba Velayutham,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Penang ukiwa mzima, mgongo umepoa, na mizigo ya bandarini haikuonei sana. Huku sisi hatujambo. Bibi, mama yako, anakula vizuri na kutukana vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mvua imetukimbia, lakini hilo si jipya.

Mjomba, nimekasirika. Nimekasirika mpaka wali haupiti kooni, na wewe unanijua mimi na wali.

Utakumbuka nilikuandikia mwaka jana kwamba mpwa wako ameingia kwenye filamu. Watu wa Madras walikuja kupiga picha za filamu yao, Moto wa Tanuru, kule kwenye mchanga mwekundu, nami nilikuwa nimewapelekea kuni. Siku hiyo walikuwa na mazishi: steringi, Vetrinathan mwenyewe, anayecheza mwana wa mfinyanzi, amekufa na anabebwa kwenye jeneza la mianzi. Walikuwa na kila kitu isipokuwa wabebaji. Wanaume wa kule walikataa katakata. Nani abebe jeneza la mtu aliye hai, ajiitie mkosi? Mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana mbuzi wa kuchunga. Mimi nikasema, leteni hapa! Unanijua, sikusomea woga. Wala kitu kingine sikukisomea sana.

Nikapewa mbele, upande wa kulia, mahali pa heshima. Kumbe marehemu alikuwa ametoka kula biriani! Uzito wake, Mjomba, ni gunia lako la bandarini lililoota masharubu. Tulipofika katikati ya njia, marehemu akaninong'oneza, "Dogo, usinitikise, nitacheka." Nikamjibu, "Kaka, wewe kufa tu, kutembea niachie mimi." Tulipomaliza wakamwinua, wakamchekesha mbele ya kamera, wakapasua boga chini ili kuondoa husuda. Nikadhani mkosi umeishia pale.

Filamu ikatoka. Madras watu wamelia mpaka magazeti nayo yakalia. Wanasema haijapata kutokea filamu ya Kitamil yenye mwisho kama ule. Lisikie vizuri hilo neno, Mjomba: mwisho. Mwisho ndio mimi!

Wiki iliyopita ikafika hapa kwetu, kwenye hema la sinema la Bwana Thangasamy. Nilitangaza mji mzima. Nikampeleka Bibi, nikampeleka Mkaza Mjomba, na binti yako Isakki naye akaja na asumini kichwani. Wao wakaketi upande wa wanawake, mimi nikajijengea kilima cha mchanga upande wa wanaume ili nionekane. Filamu ikaenda, ikaenda, harusi ya steringi ikafika, wimbo ukaimbwa, watu wakarusha sarafu kwenye pazia. Nikasimama nikapaza sauti, "Kaeni macho, sasa nakuja!"

Taa zikawaka. Imekwisha. Watu wanajikung'uta mchanga makalioni.

Thangasamy ameukata mwisho! Nilimfuata palepale, akanijibu huku anajipepea kama bwana harusi, "Mkanda wa mwisho umo kwenye bati lake, bati liko chini ya kitanda changu, na mimi nalala juu yake. Kule mjini steringi alipokufa watu walichoma viti. Mimi viti sina, nina turubai. Steringi hafi kwenye hema langu!"

"Lakini humo nimo mimi!"

"Basi kufa wewe."

Tangu siku hiyo sina raha. Nikipita kwenye duka la chai wananiita, "Staa! Ulikuwa ng'ombe yupi, yule mweupe?" Kinyozi ameniuliza kama nilicheza mkokoteni. Nikashindwa kuvumilia, nikawaambia ukweli, kwamba steringi anakufa na nilimbeba kwa bega hili hili. Afadhali ningenyamaza. Vijana wanaomwabudu Vetrinathan wakaja na fimbo mpaka mlangoni, ati namwombea kifo. Bibi akawatimua kwa mwiko.

Hayo yote yasingeniuma. Linaloniuma ni la mke wako. Mnajua wenyewe mlivyosema tangu Isakki akiwa mchanga kwenye bembea, kwamba ni mke wangu. Sasa Mkaza Mjomba amesimama uani, mikono kiunoni, akasema, "Kama unasema uongo, simpi mwanangu mwongo. Na kama unasema kweli, umebeba jeneza la mtu aliye hai kwa kujitakia. Bega hilo lina mkosi, haliingii kwangu. Chagua!" Nichague nini hapo? Mbele nyoka, nyuma shimo. Isakki alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akicheka, halafu nikasikia amenyamaza.

Kwa hiyo nakuomba, Mjomba. Nimesikia kwamba huko Penang wanaionyesha nzima. Nenda ukaitazame, na usitoke wakati wa wimbo wa harusi kwenda kuvuta sigara, nakujua. Subiri jeneza. Mbele, kulia. Utaniona nalia. Mwongozaji hakuniambia nilie. Alidhani ni ufundi, akanisifu, nami sifa nikazipokea, ningezikataa ningekuwa mjinga. Lakini nilikuwa namkumbuka Babu, siku ya mazishi yake. Meli yako ilichelewa, pale mbele pakawa wazi, ndipo nikaingiza bega langu badala ya lako.

Bega lilichubuka siku ile, na aliyelipaka mafuta ni Mkaza Mjomba, kwa mkono wake, huku akimlilia baba mkwe. Hakuliita la mkosi. Mimi nikimkumbusha ataona namsimanga. Mkumbushe wewe. Na umwandikie kwamba umeniona.

Bibi anakusalimu, anauliza kama bado unapaka mafuta kichwani. Mama naye anakusalimu. Msalimie Mzee Sankaran unayelala naye chumba kimoja, mwambie asikuchagulie filamu nyingine. Mungu wetu Murugan akufunike kwa kivuli chake, akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote, na uikute harusi.

Mpwa wako akupendaye, pamoja na bega lake,

Pechimuthu