Hodi kwenye Nyasi

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, New Hope, tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume na theluji imeyeyuka. Umeniuliza, huko Beijing unakosoma, kama najua Wachina walikolitoa neno lao la ikolojia. Najua, ila nikilikumbuka naona aibu.

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi hapa, na mama yangu akaja kunitembelea. Unajua kwetu nyasi ndefu karibu na nyumba humwaibisha mwenye nyumba. Basi mama akazing'oa zilizokuwa kando ya bwawa, nyuma ya apatimenti zetu. Kumbe jirani yetu Mei, mwanafunzi kutoka China, ndiye aliyeziotesha kwa masomo yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mei hakukasirika. Alichuchumaa, akachora alama mbili kwenye udongo.

"Hii ni uhai, mmea unaochipuka. Hii ni hali au mwenendo, na chini yake kuna moyo. Wasomi wa Japani waliziunganisha kuunda neno la ikolojia kwa maandishi yetu, nasi tukalichukua."

Nilimtafsiria mama. "Kwa hiyo nyasi nazo zina uhai na moyo, nami nimeingia kwa watu bila hodi," akasema. Akaziendea nyasi chache zilizobaki, akainama na kuita kwa sauti, "Hodi! Hodi hapa!"

Nami nikageuka haraka kuangalia ni jirani gani amemsikia.

Nyasi ziliota tena, Neema. Aibu ya kugeuka kule ninayo bado.

Babu yako