Maneno Uliyomwambia Jogoo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia hivihivi kana kwamba uko jikoni, Mungu atanisamehe.

Mjukuu wako Resti alikuwa na usaili wa kuigiza hapa mjini. Walitaka kila mmoja aje na maneno ya mtu anayeongea peke yake, mtu wa siku hizi. Wiki nzima alichokonoa simu, akapata ya mwanamke anayelia kwenye theluji.

"Mwanangu, theluji umeiona wapi?"

"Kwenye friji, mama."

Tulicheka, lakini moyoni alikuwa anakata tamaa. Usaili uliopita walimwacha. Walimwambia anasema vizuri, ila hawamwamini.

Ndipo nikamsimulia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Unakumbuka kule Mgeta, siku ya kuamkia harusi yangu? Umemshika jogoo wa wageni, kisu umekiweka chini. Mimi niko nyuma ya mlango wa jikoni na ndoo ya maji. Ukawa unamsemesha: "Usinitolee macho. Wewe unaondoka leo, mwenzio kesho. Nani atanigombeza nikisahau chumvi? Wewe ulikuwa unaamsha kijiji kizima. Yeye alikuwa ananiamsha mimi." Kisha ukamfuta manyoya kwa kanga, kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Mimi hukuniambia kitu. Ulinifungia tu maharage ya kwenda nayo.

Resti hakucheka. Alisema, "Mama, hebu rudia."

Akaenda kuyasema mbele ya waamuzi, kamshika jogoo asiyekuwepo. Mimi niko nje kwenye benchi na rozari yangu. Nikasikia wanacheka, halafu kimya.

Alipotoka akaniambia, "Wameniuliza kama yule jogoo aliliwa."

"Ukasemaje?"

"Nimesema sijui."

Aliliwa, mama. Wewe siku ile ulikula ugali na mboga za majani.

Wamemchukua. Kesho anapanda basi pale Msamvu, anakwenda Dar kuanza mazoezi. Leo asubuhi nimekamata kuku wa kumuagia, nikajikuta namsemesha. Nikasikia kandambili za Resti zimesimama nyuma ya mlango. Sikugeuka. Nilipaza sauti kidogo.

Sasa nakuuliza, mama: na wewe ulijua kwamba nipo pale?

Bwana akupumzishe. Tukionana kwake, utanijibu.

Mwanao,
Mama Resti